Farasi wa Kulyash na Roketi ya Wanaanga

Kulyash hakuwa na ugomvi na wanaanga. Ugomvi wake ulikuwa na yale matangi matupu ambayo roketi huyatupa nyikani ikishapanda, na nyika hiyo ndiyo malisho yake. Ni mjane wa huko wilaya ya Ulytau, anaishi kwa kuuza kumisi, maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Mchana kutwa watoto wa farasi hufungwa kwenye kamba moja ndefu ili mama zao wasiende mbali, maana farasi hashushi maziwa asipomwona mwanawe ubavuni.

Roketi ikikaribia kurushwa, watu wa wilaya huleta habari siku iliyotangulia, naye huhamisha mifugo yote. Safari hii aliyetumwa ni Yerkebulan, mtoto wa shemeji yake, na huyo bwana alipitia harusini kwanza. Jamani, harusini! Alitokea asubuhi ya siku yenyewe, suti na tai, akamwambia Kulyash apande gari upesi.

"Niwafungue kwanza."

"Hakuna muda, mama mkubwa. Kwenye ile roketi kuna watu."

"Na mimi huku umeniona jiwe?"

Yerkebulan akamshika mkono, akamsukumia garini kama gunia. Kulyash alimtukana njia nzima, yeye, suti yake na harusi yake.

Tangi lilianguka mbali, lakini kishindo chake kilitikisa nyika yote. Waliporudi alasiri, kamba ilikuwa imevurugika, watoto wa farasi wanatetemeka, na mmoja, wa yule farasi mweupe, amenyongwa na kamba hiyohiyo. Mama yake alikuwa akimnusanusa, chuchu zimejaa hadi zinamuuma.

Yerkebulan akaikodolea macho simu. Mwishowe akatamka kwamba wanaanga wamefika salama kituoni kwao angani, wote watatu.

Kulyash aliwafurahia, kweli kabisa, nao wana mama zao. Halafu hasira ikampanda upya. Akachomoa kisu, akamchuna yule mtoto aliyekufa, akamtupia Yerkebulan ngozi mbichi kifuani.

"Simama hapa ubavuni. Mshikie, anuse."

"Mama mkubwa, suti..."

"Shika."

Akashika. Farasi akainusa ngozi, akailamba, akailamba tena, na maziwa yakaanza kushuka. Kulyash alikamua. Yerkebulan alikuwa analia, na Kulyash hakumwambia anyamaze.