Mgongo wa Mkandarasi na Chai ya Shangazi

Shangazi yangu hupima kiti cha gari kwa kikombe cha chai. Si utani, ingawa utani ndiyo kazi yangu ya pili. Akishamaliza kushona kiti, anakirudisha ndani ya gari, anamkalisha mwenye gari, anamkabidhi chai ya moto na kumkataza asiiguse. Chai inapoa, yeye anamwangalia mtu. Ukijisogeza mara moja, ukainua nyonga kidogo tu kama anayetafuta funguo mfukoni, kiti kinarudi mezani. Ukitulia mpaka chai ikaota utando, umepona. Kuna mteja mmoja mwembamba alikalishwa mara nne kwa siku moja. Alisema hajawahi kutamani chai maishani kama siku hiyo.

Karakana yetu ni vyumba viwili nyuma ya gereji ya mafundi injini. Cha mbele kina cherehani mbili nzito na meza ya kukatia iliyochanjwa na visu mpaka imekuwa kama uso wa mzee. Cha nyuma kimejaa sponji hadi darini. Ukiingia unahisi umemezwa na mkate. Ukutani kuna picha moja tu, imefifia. Ni kiti kimoja cha gari, cha ngozi ya kahawia, kimesimamishwa juu ya meza kama bwana harusi. Ndicho kiti cha kwanza cha gari alichoshona, na hadithi yake kila mteja anaijua, maana Shangazi huwasimulia, wapende wasipende.

Miaka ishirini na sita iliyopita alikuwa akishona viti vya pikipiki kwenye kibanda cha mabati. Mafundi wanaume walimwambia gari si mchezo, arudi kwenye foronya. Siku moja likasimama gari la mbio, la milango miwili, fupi kwa kimo, kijani iliyokolea, taa zake zimelala ndani ya boneti na huinuka ukiziwasha, kama macho ya mtu aliyeitwa jina lake usingizini. Gari la namna hiyo mtaani kwetu lilikuwa likionekana kwenye kalenda tu. Akatoka mtu mrefu, naye alitoka kwa awamu: mguu mmoja, mguu wa pili, halafu baada ya muda, mtu mwenyewe. Alikuwa mkandarasi wa madaraja. Kiti cha dereva kilikuwa kimeoza kwa maji ya mvua. Akamuuliza Shangazi kama anaweza. Shangazi, ambaye hakuwahi kufungua kiti cha gari tangu azaliwe, alimjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Alikishona siku tisa. Mkandarasi akakilipia, akaondoka, na kuanzia wiki iliyofuata watu wakaanza kumiminika kibandani wakisema wameelekezwa na Mkandarasi. Kibanda kikawa chumba, chumba kikawa vyumba viwili. Kwa kifupi, hata mimi nimesomeshwa na kiti hicho, mpaka pale nilipoishia, na nilipoishia si kosa la kiti.

Basi Jumatano moja asubuhi gari lile lile likaingia uani kwetu, Mkandarasi kwenye usukani, na nyuma yake likafuata jingine. Nilicheka kabla sijajua kwa nini. Lilikuwa gari hilo hilo kwa jina, toleo la nne, jipya kabisa. Ukiyaweka pamoja unaona babu na mjukuu: pua moja, mabega mamoja, ila mjukuu amekula vizuri zaidi. Babu ana usukani mwembamba kama mfupa wa kuku, vitufe vinavyolia *tak* ukivibonyeza, na ufunguo wa kuzungusha. Mjukuu hana ufunguo wa maana, vishikio vya milango vinachomoza vyenyewe ukikaribia, na dashibodi yake ni kioo kitupu, kirefu kama cha saluni. Babu akiwashwa mtaa mzima unajua. Mjukuu akiwashwa, mimi ilibidi nimuulize mwenye gari kama limewaka.

Mwenye gari hilo alikuwa binti wa Mkandarasi, wakili, mwanamke anayeongea kama anayehesabu vidole vyako. Yeye ndiye aliyetueleza shida. Mnunuzi wa gari la zamani amepatikana, atakuja kulichukua Jumamosi saa nne. Wanaomba kiti cha dereva kishonwe palipofumuka, liuzike likiwa na heshima. Sababu ni mgongo wa baba. Miaka nenda rudi mzee akiliendesha nusu saa anashuka amejikunja, na kila droo ya nyumba yao ina dawa ya kuchua. Wiki mbili hizi ameendesha gari jipya, na dawa haijafunguliwa. Mashtaka yamekamilika.

Mkandarasi hakubisha, alibishia pembeni. Alisema gari la zamani lina maneno: barabara inapita kwenye usukani inaingia viganjani, na tairi likipungua upepo unajua kabla hujashuka kuliangalia. Jipya, alisema, ni kama kupapasa kitambaa ukiwa umevaa glavu. Binti yake akamkumbusha kwamba jipya linafunga breki lenyewe mtu akikatiza mbele. Akakubali. Linapanda mlima bila kupiga kelele. Akakubali. Mvua ikinyesha halitelezi. Hilo nalo akalikubali. Alikuwa akikubali kila kitu kama mtu anayetia saini karatasi za hospitali, na mkono wake muda wote ulikuwa juu ya paa la gari la kijani.

Shangazi akaomba akalie jipya kwanza. Wakili akabonyeza kitufe cha pili mlangoni, akaeleza kwamba kiti hiki kinamkumbuka baba: kila mtu ana kitufe chake, na kiti kinajipanga kumfuata. Kiti kikaguna, kikarudi nyuma, kikashuka, kikainua mgongo wake juu, na Shangazi akatoweka. Miguu ikabaki inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi. Nikamwambia asiogope, tutamtafuta. Sote tulicheka, naye akacheka, akashuka, akaingia kwenye gari la kijani.

Humo hakucheka. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akashuka na kusema tu kwamba wamwachie gari.

Walipoondoka na lile jipya, akaingia tena ndani ya gari la kijani akaniita.

"Niangalie vizuri. Miguu yangu inafika?"

"Inafika."

"Na kiuno changu kimeshikwa pale pale panapotakiwa. Sasa niambie wewe mwenye macho ya kisomo, kati yangu na Mkandarasi, nani mrefu?"

Sikumwelewa mpaka tulipokifungua kiti. Tulikata moja moja pete za waya zinazoshika ngozi, tukaivua ngozi, tukaitoa sponji nzima. Alama zake za chaki za miaka ile bado zilikuwepo, za buluu, kama jana. Shangazi akaisimamisha sponji mezani, akageuka, akaiegemea. Ile sehemu iliyovimba, ya kushika kiuno, iliingia kwenye kiuno chake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Maana siku zile alikuwa hajaanza kuwakalisha wateja. Kipimo cha chai kilikuwepo, ila aliyekuwa anakalia kiti na kushika kikombe ni yeye. Alikata, akakalia, akakata tena, mpaka siku ya tisa chai ikapoa yeye katulia. Akaona kazi imeisha.

Kwa Mkandarasi, uvimbe huo ulikuwa shubiri nzima chini ya mahali pake. Ulikuwa ukimsukuma juu kidogo ya makalio, asubuhi na jioni, kwa miaka ishirini na sita.

Nilimpa ushauri wangu bila malipo. Tukate sponji mpya, tumpe urefu wake, tufunge midomo. Mzee atasema ametengenezewa vizuri, atashukuru, na picha ya ukutani itaendelea kula heshima zake. Nani atajua?

Shangazi alikuwa anakunja ile ngozi ya kahawia, polepole, kama anayekunja nguo za mtoto.

"Watu wote walioingia mlango huu wameingia kwa jina lake," akasema. "Mgongo wake ndio umejenga vyumba hivi. Halafu nimfiche?"

Alimpigia simu amwombe aje apimwe. Hakumwambia sababu. Usiku ule hakula vizuri, nami nilijizuia kumtania, jambo ambalo kwangu ni kama kufunga mwezi mzima.

Mkandarasi alikuja Alhamisi alasiri. Shangazi hakumkaribisha hata kiti. Alimwonyesha sponji mezani, akamwonyesha chaki, akamweleza yote akiwa amesimama, mikono ameifumbata mbele kama mwanafunzi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniangalia mimi, akaangalia picha ukutani, na kona za macho yake zikaanza kukunjamana.

"Mzee wangu, ulikuwa unajua?" Shangazi akauliza.

"Nilijua siku ile ile. Hata barabara kuu nilikuwa sijaifikia."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka kugeuza. Nikaangalia kwenye kioo, nikakuona umesimama katikati ya barabara, umeshika sindano, unaliangalia gari linavyokwenda. Mtu aliyesimama namna ile hageuziwi gari, binti yangu. Nikasema nitarudi wiki ijayo. Wiki ilipofika nikakukuta una viti vya watu wawili walioniuliza nani kanishonea, na wale waliokuwa wanakucheka wamesimama wanachungulia unavyoshona. Ningeanzia wapi?"

Shangazi akasema kwamba miaka ishirini na sita ina wiki nyingi. Mzee akakiri. Alisema mwanzo alinyamaza kwa ajili yake, baadaye kwa aibu ya kuchelewa, na mwishowe alikuwa ameshasahau kwamba maumivu yale yana mwenyewe. Akadhani ndio uzee. Mpaka alipokalia gari la binti yake.

"Nimejenga madaraja kumi na moja," akasema, "na hakuna hata moja lililonishinda kama kiti chako."

Hapo Shangazi alicheka huku analia, na kwa kuwa hapendi kuonekana analia, akamwamuru mzee avue koti asimame ukutani. Akamchora mgongo kwa chaki juu ya shati, kiuno hapa, mabega hapa, mpaka akafanana na ramani ya daraja la kumi na mbili. Yeye anachora, mzee anasema ahsante. Mzee anasema ahsante, Shangazi anamwambia wa kushukuru ni yeye Shangazi, ahsante hizo azirudishe. Walishindana hivyo kama wauzaji wawili wanaogombea mteja. Mimi nilishika boksi la chaki nikanyamaza, mara ya pili wiki hiyo.

Ijumaa nzima tulikata na kushona. Sponji ilikuwa mpya, ila ngozi tuliirudisha ile ile. Ngozi mpya ingekuwa kazi ya dukani, Shangazi alisema, na hii ni yake.

Jumamosi saa tatu na nusu wakafika wote wawili, baba na binti. Wakili alikuwa na karatasi za mauzo kwenye bahasha. Shangazi hakumweleza kitu. Alimkalisha Mkandarasi kwenye gari la kijani, akampa kikombe, akamwambia anajua masharti. Binti akauliza hii chai ni ya nini. Nikamwelezea, na kuhusu kile kiti nikamwelezea pia, kwa sababu kuna mambo mtu wa familia akiyasikia kwa mpayukaji yanauma kidogo tu.

 Binti akaenda akasimama kwenye mlango wa abiria, dirisha likiwa wazi.

"Baba, ulipokuwa unanipeleka shule na gari hili, ulikuwa unaguna kila tukifika kwenye kona. Mimi nilikuwa nadhani umechoka kunipeleka."

Mzee hakugeuza shingo, maana chai ilikuwa bado inafuka. "Nilikuwa naipenda ile safari kuliko kazi yangu," akasema. "Ingia ukae."

Wakili akaingia. Nguo zake za ofisi, viatu vya kisigino, magoti karibu na kidevu, na akakaa.  Mnunuzi alifika saa nne kamili, mtu mstaarabu, akawakuta watu wawili ndani ya gari lililozimwa na fundi anayechungulia kikombe kupitia kioo. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia tuko kwenye mtihani.

Chai ikaota utando. Mkandarasi hakuwa amesogea hata unywele. Wakili ndiye aliyeshuka, akamfuata mnunuzi, akamwomba radhi kwa lugha nzuri sana ya kisheria, ambayo kwa Kiswahili chetu ilikuwa na maana kwamba gari haliuzwi. Bahasha akaichana vipande vinne. Halafu baba yake akainywa ile chai baridi yote, pamoja na utando wake, akasema ni nzuri.

Akawa mkweli hata hapo. Alisema safari ndefu, za mvua na milima, atakwenda na jipya, maana mjukuu ana akili kuliko babu, na babu hana haja ya kuona wivu. Ila safari fupi za asubuhi, kwenda na kurudi, atakwenda na la kijani. Akaliwasha, mtaa mzima ukajua.

Mara hii Shangazi hakusimama katikati ya barabara. Alisimama mlangoni, sindano mkononi. Gari likaenda hadi kwenye kona ya barabara kuu, tukaliona linapunguza mwendo. Kisha likageuza.  Likarudi mpaka mbele yetu, mzee akashusha kioo.

"Nimefika barabara kuu," akasema. "Hakiumi."

Akaondoka tena.

Ile sponji ya zamani Shangazi aliifunga kwenye mgongo wa kiti anachokalia akishona, akidhani hatimaye kila kitu kimepata mwenyewe. Jumatatu alikaa nayo, nami nikampa chai na kumkataza kuigusa. Uvimbe ulimshika pale pale kiunoni, ila mgongo wenyewe umezeeka: haikupita dakika mbili, akajisogeza.

"Hata mimi si yule tena," akasema, akaichukua chai yake akainywa ingali ya moto.