Mbuzi wa Ntheo Waliovuka Ua

Mchumba wangu alikuwa askari ng'ambo ya mpaka wa nchi siku wazee wake walipoleta mbuzi wa ntheo kwetu, Masii. Kwetu Wakamba, mbuzi hao watatu wasipopokelewa hakuna ndoa, hata mkipendana vipi. Na Baba alikuwa ameshasema wazi kwamba hampi binti yake mtu aliye vitani. Nilikuwa jikoni nikikoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Wageni hawakuanza na mahari, walianza na siasa. Redio ilikuwa imesema jeshi letu limeingia nchi jirani kwa sababu watawala wa kule wanawaficha wanamgambo.

"Ukijua jirani anaficha wezi, unangoja nini? Unaingia!" alisema baba wa mchumba wangu.

"Unaingia kwa nyumba ya mtu na watoto wako ndani?" Baba akamjibu. "Kwanza mnaongea, mzee."

Walibishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyekumbuka kuwafunga mbuzi. Mama aliposhtuka, walikuwa wamevuka ua na kufyeka mbaazi za jirani yetu, mjane asiyependa mchezo. Alikuwa amewafungia zizini kwake na kukaa mlangoni, panga mapajani.

Nilicheka hadi mwiko ukanidondoka. Baba, yule mtu wa mazungumzo, alitaka kuvunja ua. Mwenzake, yule wa kuingia, alikuwa ameshavua kofia. "Mama, tafadhali, tuongee tu kidogo," alibembeleza. Mjane akawataka wote wawili waombe msamaha, kisha wakae wanywe uji wake. Walikunywa. Waliporudi na mbuzi walikuwa wakitaniana kama waliotahiriwa pamoja.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Alikuwa yeye, baada ya wiki nzima ya kutopatikana. Kumbe yu mzima! Nililia kwa furaha mbele ya wageni, wala sikuona aibu.

"Wamepokea mbuzi?" aliuliza.

Nilimtazama Baba, naye akaninyang'anya simu.

"Mbuzi ziko hapa, zimeshiba mbaazi!" alipaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. "Sasa wewe sikia. Usijifanye shujaa huko. Rudi na miguu yako yote miwili. Mke wako anakungoja."