Taa Iliyofutwa Mara Tatu

Oluoch ni fundi mzuri wa lori. Lori ikilia anaisikia tu, anajua mahali inauma. Lakini ile gari ya nyumba ya Madam Jepkosgei ndiyo ilimwanika, ikaonyesha watu kwamba yeye ni mwoga. Na mwoga mwenye spana ni mbaya kushinda mlevi mwenye panga.

Gari yenyewe ni nyumba kamili: kitanda, sinki, jiko la gesi na mtungi wake. Brenda, binti ya Madam, aliinunua kwa watalii waliokuwa wanarudi kwao, akamwachia mamake, akaenda zake ng'ambo. Madam amefundisha miaka thelathini na nne, usukani ungemtisha na nini? Kitu ilimsumbua ni ile taa ya onyo ya chek injini. Ikiwaka, inakodoa tu. Akaileta kwa Oluoch, kwa garage yake ya mabati hapo Eldoret.

Oluoch akachomeka mashine ya kusoma gari. Mashine ikaandika maneno ya mvuke wa petroli. Hakuelewa. Sasa kusema, "Madam, hii sijui," kungemng'oa meno? Akakaza mfuniko wa tangi, akabonyeza kufuta, taa ikazima. Baada ya wiki mbili imerudi. Akafuta tena.

"Oluoch," Madam akamwambia, "hii taa inarudi kila nikijaza tangi. Ikibaki nusu, inanyamaza."

Mgonjwa amejieleza mpaka mwisho, na daktari anaangalia dirisha.

"Ni sensa tu imeharibika, Madam."

Oluoch alitoka Siaya akiwa kijana, na jina lake hapa amelijenga miaka kumi na tisa. Aliona akisema neno moja, sijui, jina lote litaanguka. Kwa hivyo Jumamosi hii, Madam alipokuja na kofia ya harusi na wamama wanne wa kanisa wamekaa huko ndani kama maharusi wenyewe, wanaenda Nakuru, Oluoch alifuta mara ya tatu. Wakaondoka wakiimba.

Akachukua ufagio. Pale gari ilikuwa imesimama akaona punje za mahindi. Akaona na vipande vya raba nyeusi, vidogo, vina alama za meno. Akainama, akagusa sakafu palipolowa, akanusa kidole.

Petroli.

Kumbe ni panya. Wametafuna paipu ile ya juu ya tangi, ndiyo maana tangi ikijaa tu ndiyo taa inalia: petroli inamwagika juu ya tangi, nyingine inabaki ikidondoka, mvuke unapanda ndani ya nyumba. Na Madam hujaza Cheptiret kila safari, mpaka juu kabisa. Na wamama watano wakisimama mahali, hata dakika kumi, lazima chai ipikwe.

Akapiga simu. Ikalia mpaka ikachoka. Madam hashiki simu akiendesha, na leo heshima yake kwa sheria ilikuwa inataka kumuua.

Akarukia boda ya Kipyego, mzee wa kichaka cha ndevu anayeegesha hapo nje.

"Cheptiret. Kimbia."

"Fundi, umeibiwa bibi?"

"Kimbia, Kipyego."

"Basi ameenda na mtu mwenye gari."

Mdomo wa Oluoch ulikuwa mkavu kama gunzi. Kila mteremko alikuwa anahesabu wale wamama, watano, anarudia, watano. Mbele, juu ya miti, akaona moshi mweusi. Akashika ovaroli yake kifuani, akaanza kuomba kwa Kijaluo, maneno ya utotoni. Walipofika karibu ni mtu tu anachoma tairi kuukuu shambani. Kipyego akasikia abiria wake analia, akaacha mzaha, akaongeza moto.

Gari ilikuwa imesimama kwa pampu. Msichana wa petroli, Chepkirui, ameshika mpira, tangi inanguruma inakunywa. Mlango uko wazi. Ndani Mama Adoyo, mmoja wa wale wanne, ameweka sufuria kwa jiko, na kiberiti kiko mkononi, njiti imetoka tayari.

Oluoch hakungoja pikipiki isimame. Akaruka ndani, akakamata ule mkono.

"Wewe fundi, una wazimu? Chai hujakaribishwa."

"Mama, teremka," akasema, polepole, kama mtu anaongea na nyoka. "Wote teremkeni. Chepkirui, zima pampu."

Mama Adoyo akanusa. Akarudisha njiti kwa kiberiti. Wakashuka mmoja mmoja, kofia zao zimepinda, na chini ya gari petroli ilikuwa inadondoka, tone, tone.

Madam akatoka upande wa choo, anapangusa mikono. "Ni nini?"

Hapo angeweza kudanganya bado. Angesema amesahau spana. Badala yake akauliza:

"Madam, hiyo gari inalala wapi?"

Madam akasema, "Kwa boma. Nimeweka gunia kumi na moja za mahindi ndani, nangoja bei ipande. Nikikuletea natoa, nafagia. Niliona haya."

"Panya wamekula paipu."

"Mimi nilificha mahindi. Wewe ulificha nini?"

"Nilificha kwamba sijui."

"Sema kwa nguvu. Hao walikuwa wafe, wasikie."

"Sikujua," akasema, na wamama wakasikia, na Kipyego akasikia, na Chepkirui. "Nilifuta taa mara tatu na sikujua."

Hakuna aliyemwambia pole. Madam akatoa gia, akashika usukani kupitia dirisha, akawaambia wasukume mpaka mbali na pampu, injini isiguswe. Oluoch akaenda nyuma kabisa, mahali petroli inadondoka, akaweka bega. Petroli ikamdondokea kwenye viatu, akasukuma.