Barakoa Iliyolowa

Siku hizi watoto wa kituo kile hunawa mikono kimya. Maji hutoka bombani, sabuni hupita kutoka kiganja hadi kiganja, na hakuna anayeimba. Mlezi mpya ni mtu mwema. Anahesabu mpaka ishirini kama alivyoelekezwa, kisha anafunga bomba. Lakini kwa miaka kumi na sita palikuwa na sauti pale kwenye sinki fupi, sauti ya mwanamke, nzito kidogo, iliyomwimbia kila mtoto mstari wake peke yake, wenye kosa lake la jana na sifa yake ya leo. Wazazi waliokuwa wamechelewa kazini walisimama kwanza mlangoni, wasikie ni zamu ya nani kuimbwa.

Walimwita Shangazi. Walianza watoto, wazazi wakafuata, na mwisho hata mwenye kituo, mwalimu mstaafu aliyemwajiri, akasahau jina lililomo kwenye faili. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na hakuwahi kuzaa. Jambo hilo alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa, kama mtu anavyosema kwamba hanywi chai ya maziwa, ili lipite. Alipanga chumba kimoja mtaa wa pili, na ndani yake mlikuwa na kitanda, cherehani na kalenda ya mwaka uliopita. Chumbani mle alilala tu. Nyumbani kwake kulikuwa kwa watoto, na hakuwa na kwingine.

Kituo kilikuwa mahali pa kawaida, ghorofa ya chini, nyuma ya karakana ya matairi. Kulikuwa na mikeka minne na madirisha mawili, moja likiwa limegoma kufunguka tangu lipakwe rangi. Kando ya mlango ulipigiliwa ubao wenye kulabu kumi na nne, na kwa kuwa watoto wa miaka miwili mitatu hawajui kusoma, juu ya kila kulabu Shangazi alikuwa amechora picha: kikombe, kofia, ngazi, ufunguo, kengele. Mtoto alipewa picha yake siku ya kwanza, na kabla ya mwezi kwisha picha ilikuwa imekwisha kuwa jina. Wazazi nao hawakupona. Mwanamke mmoja wa maabara ya hospitali, mwenye madaraka kazini kwake, hapa alikuwa Mama Kofia. Fundi rangi mmoja, mabega yake mapana kama mlango, alikuwa Baba Kikombe, na aliitikia.

Maradhi yale ya kifua yalipoenea, watu wazima waliamriwa kuvaa barakoa. Kuhusu watoto wadogo, waraka ulisema tu kwamba wazazi na walezi washauriane. Mwalimu akawaita wazazi wote. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti usawa wa kidevu, nyuso zao zimefunikwa nusu.

“Mwanangu alizaliwa kabla ya miezi yake,” alisema Mama Kofia. “Amelazwa mara mbili. Mnaijua sauti ya mtoto anayetafuta pumzi? Mimi naijua. Naomba wavae.”

“Wangu ana miaka mitatu, hajasema neno,” alijibu Baba Kikombe. “Hata ‘baba’ hajaniita. Daktari kasema atajifunza kwa kutazama midomo ya watu. Sasa mkifunika midomo yote, atazame nini? Masikio?”

Watu wakacheka kidogo.

“Kaka, usifanyie mzaha pumzi ya mtu.”

“Si mzaha, dada. Kila mtu analia na lake.”

Bibi mmoja aliyekuwa amekuja kwa niaba ya bintiye akatikisa kichwa. “Huyu wangu soksi tu hazimalizi nusu saa mguuni. Mtamfunga kitambaa puani? Haya, na tuone.”

Wakapiga kura, zikawa saba kwa saba. Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema kwamba watoto saba watavaa na saba hawatavaa, na mengine yote aachiwe Shangazi, kwa sababu yeye ndiye anayekaa nao.

Mlangoni Mama Kofia alimshika Shangazi mkono. “Niahidi hataivua.”

“Hataivua, mama.”

Nje, karibu na rundo la matairi, Baba Kikombe alikuwa anasubiri. “Shangazi, mimi ombi langu ni moja. Mwanangu auone mdomo wako.”

“Atauona, baba.”

Mpishi wa kituo, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa amesikia yote mawili. “Njia mbili zilimshinda fisi,” alimwambia huku anakausha masufuria, “na fisi ana miguu minne. Wewe una miwili, na mmoja unauma.”

Shangazi alishona barakoa saba kwa shuka kuukuu, kila moja na picha yake kwa uzi mwekundu. Utaratibu wake ulikuwa huu: zinavaliwa asubuhi mlangoni, saa kumi jioni zinavuliwa, watoto wananawishwa, zinatundikwa kwenye kulabu, wazazi wakishaondoka anazichemsha, na kesho yake zinakuwa zimekauka.

Alijitahidi wiki mbili. Siku nzima mikono yake ilikuwa kwenye nyuso za watoto, inapandisha vitambaa, inafunga kamba, na alipomaliza wa saba, wa kwanza alikuwa wazi tena. Hakuimba, maana wimbo ndani ya kitambaa ulitoka kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Kikombe, yule binti wa fundi rangi, alizoea kukaa chini ya meza. Siku moja Shangazi alimkuta Kofia anatafuna barakoa ya Ngazi, na Ngazi amevaa ya Kofia, mate ya huyu puani kwa yule. Alisimama akawatazama. Kisha akawavua wote, akazitundika barakoa kwenye kulabu. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Hakuwa mzembe. Alichukua mpini wa kijiko akalikwangua lile dirisha lililogoma mpaka likafunguka, akauhamishia mkeka wa Kofia chini yake. Alipokuwa na Kofia alijifunika mdomo. Alipokwenda kwenye sinki na Kikombe alijifunua. Alijiambia kwamba hivi ni salama zaidi, na pengine ilikuwa kweli. Jambo ambalo hakulifanya ni kuwaambia wenyewe.

Sasa, Mama Kofia alikuwa na tabia moja. Kila jioni, kabla ya kumbeba mwanawe, aliifinya ile barakoa pale kwenye kulabu, kama mtu anavyopima nguo iliyoanikwa. Ikiwa imelowa mate, macho yake yalitulia. “Leo kavaa,” alisema. “Mungu akubariki, Shangazi.” Jioni ya siku ile aliikuta kavu. Kesho yake alikuja na macho mekundu, akasimama mlangoni mpaka akachelewa kazini.

Jioni hiyo Shangazi alichukua bakuli la maji. Alichovya vidole, akanyunyizia barakoa ya kwanza, akaifinya. Halafu ya pili, mpaka ya saba. Mama Kofia alipokuja aliifinya yake, akashusha pumzi. Kwa hiyo kesho yake Shangazi akafanya tena, na siku iliyofuata, na haikuchukua muda ikawa kazi miongoni mwa kazi, kama kukunja mikeka. Mpishi aliona. Akasema, “Mwenzangu,” kisha akaendelea kuosha vyombo.

Mwezi wa tatu, kwenye sinki, wimbo wa Kikombe ulipoisha, mtoto alimtazama Shangazi mdomoni na kusema, “Tena.”

Neno lake la kwanza. Shangazi aliimba tena, akaimba tena, mpaka vidole vya mtoto vikanywea kwa maji. Baba yake alipoambiwa alikaa kwenye kiti kidogo, rangi nyeupe ingali kwenye kope zake, akamwita bintiye, na bintiye akamwambia, “Tena.” Fundi rangi alilia bila kujificha. Shangazi aliwatazama. Wakati huo huo jicho lake moja lilikuwa kwenye saa ya ukutani, kwa sababu kulabu saba zilikuwa bado kavu.

Halafu ikaja Jumatatu moja. Asubuhi Mwalimu alipigiwa simu kwamba Kofia ana homa na hatakuja. Shangazi aliambiwa, akaukunja mkeka wake, akauweka kando. Mchana mzima alijua mtoto hayupo. Lakini saa kumi alichukua bakuli, na mikono ina akili yake. Ilianzia kulabu ya kwanza ikaishia ya saba.

Baada ya nusu saa Mama Kofia aliingia peke yake, na koti lake la maabara. Mtoto alikuwa amelazwa na hakubali kulala bila blanketi lake. Shangazi alimkabidhi blanketi. Mama Kofia akashukuru, akageuka, na alipopita kwenye ubao mkono wake ukafanya kama ulivyozoea.

“Shangazi.”

“Naam, mama.”

“Mwanangu hakuja leo.”

“Hakuja. Anaendeleaje?”

“Hii imelowa.”

Bomba lilikuwa linadondosha. Mtoto mmoja alikuwa anagonga kikopo sakafuni.

“Nani kaivaa?”

Angeweza kumtaja mtoto yeyote. Wasingekuwa na la kujitetea, hata kusema vizuri hawajui. Aliwatazama mmoja mmoja.

“Hakuna,” alisema. “Nimeilowesha mimi.”

“Leo?”

“Kila siku.”

Mama Kofia hakupiga kelele. Aliikunja ile barakoa mara nne kwa uangalifu, akaitia mfukoni mwa koti, akakumbatia blanketi, akaondoka.

Kofia alitoka hospitali baada ya siku tano, mzima. Hakuna aliyejua homa aliipata wapi. Alikuwa na dada anayesoma, na mama anayeshinda katikati ya vichupa vya damu za watu. Hilo lilisemwa kwenye mkutano wa pili, na halikubadilisha kitu. Walikaa kwenye viti vile vile. Mama Kofia aliiweka barakoa mezani, kavu sasa.

“Mlezi si mzazi,” alisema yule bibi, bila ukali, kama anayesoma saa. “Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.”

Shangazi alilisikia neno lile likipita. Alitarajia liume. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa: aliuona ni wake, ila haukuhisi kitu.

Watu wakamgeukia Baba Kikombe, maana kama yupo wa kumtetea ni yeye. Aliinama, akawa anaikwangua rangi kwenye kucha.

“Binti yangu anasema kwa sababu yako, Shangazi,” alisema. “Sitasahau mpaka nafukiwa. Lakini kila jioni nilikukuta unamwambia mama huyu, kavaa vizuri. Kwa sauti ile ile unayomwimbia binti yangu. Sasa wewe ukiniambia mwanangu leo amekula, nitajuaje?”

Mwalimu akaomba mikono ya wanaotaka Shangazi aondoke. Ikanyooshwa kumi na minne. Katika miezi yote ile ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

Akaulizwa kama ana neno.

“Amekula,” alisema Shangazi. “Kikombe leo amekula. Alimaliza.”

Walipotoka, Mwalimu alibaki ameshika miwani. “Ingekuwa mimi peke yangu, unajua...”

“Najua, Mwalimu.”

Alivua aproni, akaikunja. Akatoa ufunguo wa stoo kwenye kamba shingoni. Mpishi alimfungia chakula kwenye kopo, akamwambia arudishe kopo, wakijua wote wawili kwamba hatarudi. Kwenye ubao picha zote kumi na nne zilibaki kama alivyozichora, na watoto hadi leo wanaitwa hivyo. Alitembea mpaka kwake. Alinawa mikono kwenye karai, muda mrefu, kimya. Mwenye nyumba alipita akamsalimu, naye akaitikia kwamba hajambo.

Sasa anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, chini ya jengo, zamu ya asubuhi. Anakunja mashuka.