Mbegu za Shamba la Juu

Nakumbuka siku niliyotwanga mbegu za mama yangu, mwanangu, maana nilizitwanga huku nikiimba.

Wakati huo Mdachi alikuwa akileta reli Morogoro, na mume wangu alikuwa huko akivunja mawe. Mimi nilibaki huku mlimani na mtoto mgongoni, nikilima shamba alilonipa mama. Lilianza juu kwenye mawe, likashuka hadi bondeni kando ya kijito. Mwaka ule mvua ilikuwa haba. Juu nilipata vihindi vya kusikitisha, bondeni mahindi manene. Mama alifunga mbegu mafungu mawili, la juu na la bonde, akayaning'iniza mekoni yapate moshi.

"Kila fungu lirudi lilikotoka," aliniagiza.

Nikaona ni mambo ya kizee. Fungu la juu nikalifanya ugali, na masika yalipoingia nikapanda bondeni tu.

Kijito kikafurika. Mahindi yakaoza yakiwa ya magotini, na kule juu, pasipotuama maji, palikuwa pameota magugu matupu. Nilikuwa nanyonyesha, na kama nisingekula, mtoto naye angekosa maziwa. Mama alipokuja nilimwamkia huku nalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungu la juu liko wapi?"

"Tumelila."

Akafungua pindo la kaniki yake, akatoa mbegu za juu alizokuwa amejiwekea.

"Mwaka jana ulikuwa wa bonde, huu ni wa mawe. Ujao hakuna aujuaye. Shika jembe, utalia ukishapanda."

Nililima kule juu siku tatu kwenye mvua, mikono ikachubuka, sikuacha. Nilivuna kidogo, tukajazia ndizi na magimbi, na mtoto hakukosa ziwa. Lakini kabla sijapika hata hindi moja, nilifunga kwanza fungu la juu.

Basi mwanangu, usiliseme vibaya shamba kwa mavuno ya mwaka mmoja, wala lililokupendeza usilipe mbegu zote. Panda juu, panda bondeni, na utenge mbegu za kila upande kabla hujala. Ukikosea, amka ulime mvua ingali inanyesha. Mtoto yule wa mgongoni ndiye aliyekuzaa wewe.

Mungu akupe mikono isiyochoka, na juu ya meko yako pasikosekane mafungu mawili.