Kipimo Hakina Ndugu

Siku yangu ya kwanza kazini Nairobi nilipewa kiti kisicho na meza. Mkuu wa Utafiti wa kampuni ile ya udalali wa hisa alinitazama juu ya miwani, akauliza nimetoka wapi.

"Lamu."

"Kwenu punda hununuliwaje?"

"Kwa anachobeba."

"Basi kazi unaijua. Kaa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kupima hisa, yaani fungu dogo la umiliki wa kampuni. Unachukua bei yake, unaigawa kwa faida ambayo fungu hilo huleta kwa mwaka. Jibu ni miaka ambayo punda atabeba mizigo kabla hajarudisha bei yake. Miaka ikizidi mno ile iliyozoeleka, soko limepanda kuliko kazi yake. "Na usipunguze jibu kwa sababu unampenda mwenye punda," alisema Mkuu. "Kipimo hakina ndugu."

Mombasa nilipohamishiwa, Meneja wa Tawi alinituma niwaeleze wazee wa mji hesabu hiyo. Wao walianza na swali lao: kampuni inauza pombe? Inaishi kwa riba? Kwanza halali, kisha bei. Nikaliweka swali hilo mbele ya hesabu zangu, na halijaondoka hadi leo.

Kisha ukaja msimu ambao kila kitu kilipanda. Niliandika kwamba soko ni ghali. Likapanda tena. Meneja wa Mauzo akanibandika jina, Bi Mkavu.

"Bi Mkavu, mbona linapanda?"

"Kupanda si jibu."

"Wateja wangu wanalila jibu hilo kila siku."

Nilikuwa nikiacha chakula mezani nikatazame ubao wa bei, nikirudi nakuta kimepoa. Kipimo hukwambia kitu ni ghali. Hakikwambii lini watu watachoka kukinunua. Soko lilianguka baadaye sana, Meneja wa Mauzo akiwa ameshahamia kazi nyingine. Sikupata wa kumwambia.

Nimestaafu sasa, nakaa Lamu na mdogo wangu Maimuna, katika nyumba ya mawe ambayo mama alimpa siku ya harusi yake. Kwetu nyumba humfuata binti. Mwaka huu bei za hisa zinapanda tena, na safari hii soko zima limo ndani ya simu. Maimuna alizisikia habari hizo kwenye shughuli ya hina, akarudi na macho ya homa. Bwana mmoja mgeni alikuwa ameitaka nyumba kwa bei kubwa.

"Dada, nauza. Nanunua hisa. Watu wa nti hii wote wanatajirika, sisi tunapaka chokaa."

Nilimpimia hisa alizozitaja, moja moja. Zote ghali.

Alisikiliza akikuna nazi. Kisha akasema, "Pima na nyumba."

"Nyumba si hisa."

"Ina bei. Ina kodi, nikipangisha. Pima, Bi Mkavu."

Nilipima. Nikapima tena kwa kodi ya msimu wa wageni, ile nzuri. Nyumba ya mama ilikuwa ghali kuliko hisa zote nilizomkataza. Ningeweza kunyamaza, angebaki, nami ningebaki naye. Nilimwambia.

Alikiweka kando kifuu cha nazi. "Kwa hivyo kipimo chako kinasema niuze."

"Kinasema uuze, na hisa usinunue."

"Na Rukia akiolewa, nimpe nini? Simu?"

Rukia ndiye binti yake wa pekee.

Ijumaa yule bwana alikuja kutaka jibu. Maimuna alimkaribisha kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, akampa kahawa, akamwambia kwa upole, "Bwana, rudi ukoo wetu ukiishiwa na mabinti." Yule bwana alicheka, akasubiri jibu lenyewe. Alipoona vikombe vinaondolewa, akaenda zake kwenye boti ya kuvukia bara, Mokowe.

Kila asubuhi nafungua simu kabla ya chai. Maimuna huja kusimama nyuma yangu.

"Wale walionunua hisa wamepata tena?"

"Wamepata."

Hutazama vidaka, vishubaka vya ukutani alivyovichonga fundi asiyejulikana tena jina. "Na kipimo chako?"

"Ghali."

"Hisa au nyumba?"

"Vyote viwili."

Huenda zake kuchemsha maji. Nami huanza hesabu upya.