Mteremko wa Mama Tochi

Ukumbi anaoufagia Mama Tochi ulikuwa sinema. Watoto wa sasa wakiambiwa hivyo wanacheka, maana wameukuta una cherehani, na kaka zao waliukuta umejaa magodoro hadi darini. Lakini ulijengwa uwe sinema, na hilo halijifichi: ukiingia kwa mlango wa nyuma, sakafu inateremka mbele yako polepole mpaka kwenye ukuta mweupe zilipokuwa zikionyeshwa picha, ili aliye nyuma asizibwe na kichwa cha aliye mbele. Viti viling'olewa zamani, ulipoanza wakati wa magodoro. Mteremko ukabaki. Mama Tochi naye akabaki.

Alianza kwa kuuza karanga pale mlangoni, akiwa msichana. Meneja alimwona anavyopita katikati ya msongamano na sinia lake bila kumkanyaga mtu, akamwita, akampa tochi na kazi ya kuwaonyesha watu viti. Kazi hiyo ilikuwa na adabu zake. Unamtangulia mteja ukiwa umemgeukia, unatembea kinyumenyume, na mwanga unaumwaga chini kwenye miguu yake. Usoni, kamwe.

"Mtu amelipa aingie gizani," alikuwa akisema, "halafu wewe unamwashia taa usoni. Una ugomvi naye?"

Kwa hiyo mtaa mzima aliujua kwa viatu. Alijua nani amekuja na ndara za mkewe, nani amepaka kiatu rangi juu na kuacha soli inacheka, na viatu vya nani vilikuwa vikikaa kila Jumamosi karibu na viatu visivyo vya nyumbani kwake. Yote hayo aliyameza. Angekuwa mtu wa kusema, ndoa nyingi za mtaa ule zingekuwa hadithi.

Hata ndoa yake mwenyewe ilitoka mle. Mwendesha mashine, aliyekaa juu kwenye kichumba chake chenye dirisha dogo la kupitishia picha, alikuwa haanzi kuonyesha mpaka aone ule mwanga mdogo umemaliza kushuka na kupanda, umetulia nyuma. Alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba yeye alipenda taa kwanza, mwenye taa alimjua baadaye. Wakaoana. Televisheni zilipoingia majumbani sinema ikafa, na miaka mingi baadaye mume naye akafariki. Mwenye magodoro akamwajiri Mama Tochi kufagia na kufungua mlango. Magodoro yakahama, jumuiya ya mtaa ikauchukua ukumbi: asubuhi darasa la ushonaji, mchana mikutano, siku za mapumziko sherehe. Mfagizi akawa yuleyule.

Sasa sherehe na mteremko havipatani. Meza ilikuwa inasimama kama mtu aliyefupika mguu mmoja. Uzi ukimponyoka fundi cherehani wa nyuma, unaokotwa na wa mbele. Kwenye harusi moja keki ilianza safari kabla ya bibi harusi, ikadakwa na mpiga picha. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa haraka haraka ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha chai mbele za watu, akasema basi, inatosha, sakafu isawazishwe. Fundi mwashi akaitwa, akapima kwa kamba. Kesho yake kokoto zikamwagwa nje.

Mama Tochi alisikia kokoto zile zikishuka kutoka kwenye lori, akakaa chini palepale na fagio lake.

Alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yanazimika. Kwanza yaliingia ukungu pembeni, kisha ukungu ukaja katikati, na sasa nyuso za watu zilikuwa kama nguo zilizoanikwa mbali. Barabarani alitembea ameshika mkono wa wifi yake, akisingizia nyonga. Ndani ya ukumbi hakumshika mtu. Kisigino chake kilimwambia alipo: hapa sakafu imelala, hapa inashuka kwa haraka, hapa kuna ufa uliozibwa ovyo, basi mlango wa pembeni uko mkono wa kulia. Alifagia mle bila kugonga kitu. Sakafu ikisawazishwa, pale mahali pake pa mwisho pa kuona pangekuwa giza kama penginepo, na kazi ingekwenda na saruji.

Wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa ameshajua. Huwezi kumficha mtu mnayepishana jikoni.

"Si uwaambie tu, wifi?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba huoni."

"Naona."

"Unaona nini? Jana umelisalimia lile sanamu la kuvalishia magauni."

"Nimelisalimia kwa heshima, na lenyewe lina adabu. Halinijibu ovyo kama wewe."

"Wifi, wataweka saruji!"

"Hawataweka. Ile sakafu ni kumbukumbu ya mtaa. Watu wakiitwa wataitetea wenyewe, na macho yangu hayatatajwa."

Basi akaenda kwa Mwenyekiti. Akamwambia kwamba jengo lile limekuza mtaa mzima, haiwezekani libomolewe tumbo lake bila wenyewe kuulizwa. Mwenyekiti, akiwa tayari amesimama ili aende kwingine, akakubali.

"Sawa, mama. Waje mchana wa leo, waseme wanachokikumbuka. Wakinigusa moyo, sakafu inabaki. Wasiponigusa, Fundi anaanza kesho. Na watakachokisema, mchoraji wetu atakichora kwenye ukuta wa pembeni, mambo ya zamani yasipotee."

Mama Tochi akarudi nyumbani anaimba. Wifi akamwambia asiimbe mapema. Hakukosea.

Mchana ule ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alisimama chini mbele, karibu na ukuta mweupe, na mchoraji akakaa na penseli yake sikioni. Kinyozi, ambaye duka lake linatazamana na ukumbi, akaomba kuanza. Mama Tochi akafurahi, kwa kuwa Kinyozi ni msemaji.

"Mimi," akasema Kinyozi, akashika kifua, "nilikuwa nakaa balkoni."

Mama Tochi akageuza kichwa. "Balkoni gani?"

"Ya juu pale."

"Pale palikuwa kichumba cha mashine. Aliyekaa pale ni mume wangu. Wewe ulimkalia mapajani?"

Watu wakaangua kicheko. Kinyozi hakutetereka. "Mama, balkoni ilikuwepo. Pesa ya kupanda balkoni nilikuwa namwibia baba."

"Hata mimi naikumbuka," akadakia mwalimu wa ushonaji. "Mama yangu alinipandisha. Ngazi za mbao, zinalia kwii, kwii."

"Na zulia jekundu," akasema mwingine.

"La kijani!"

"Jekundu bwana, mimi nilidondosha soda pale."

Babu mmoja, mstaafu wa posta, akanyanyua bakora. "Mimi nilikuwa mtu wa chini, sikuwa na uwezo wa balkoni. Nyie mliokaa huko juu mlikuwa mkinimwagia maganda ya karanga kichwani. Leo nimewapata!"

"Babu, karanga nilikuwa nauza mimi, na chumba kizima kilikuwa kimoja!" Mama Tochi akasema. "Hakukuwa na juu wala chini. Kulikuwa na nyuma na mbele!"

Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa wameshafika kwenye mapazia ya balkoni, kama yalikuwa ya mahameli au ya kitambaa cha kawaida, na penseli ya mchoraji ilikuwa inakimbia kwenye karatasi, kwaru kwaru. Mama Tochi akajaribu kuwavuta.

"Na sakafu je, jamani? Hamkumbuki sakafu? Ilivyokuwa inakushusha taratibu mpaka kwenye kiti chako?"

"Mama Tochi naye," akasema Kinyozi. "Sakafu ni sakafu. Nani alikwenda sinema kutazama sakafu?"

Mwenyekiti akatazama saa. "Nimefurahi sana. Nimesikia mengi. Balkoni tutaichora, tena kubwa. Kuhusu sakafu, sijasikia mtu aliyeililia. Fundi, kesho asubuhi."

"Hapana!"

Fagio lilianguka, likaanza kuteremka lenyewe kuelekea mbele, watu wakalipisha.

"Nimewaita mniokoe," akasema Mama Tochi kwa hasira, "na nyie mnanijengea ghorofa! Haya. Mmenilazimisha. Mimi sioni. Macho yamekwisha. Nje huko natembezwa kama mtoto, nyonga yangu ni nzima kuliko zenu wote. Humu ndani ndimo ninamojua nilipo, kwa sababu sakafu inaniambia. Mkiinyoosha, mmenizima. Basi, nimesema. Chekeni."

Hakuna aliyecheka. Kisha Kinyozi akakohoa.

"Mama, sisi tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kila nikipita nakwambia, 'Kinyozi hapa, shikamoo mama.' Kuna mtu anajitaja kwa anayemwona?"

"Nilidhani ni majivuno!"

"Na mimi," akasema mwalimu wa ushonaji, "lile sanamu nimelisogeza kona, lisikuchoshe kulisalimia."

"Mimi huwa nagonga bakora nikikaribia," akasema Babu.

Miaka yote ile ya kusingizia nyonga! Mama Tochi akageukia upande aliosimama wifi yake.

"Usiniangalie mimi," wifi akasema. "Sikumwambia mtu."

"Siwezi kukuangalia! Ndiyo habari yenyewe!"

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, na yeye mwenyewe kilimshinda, ingawa alikuwa bado na hasira na alitaka ijulikane hivyo.

"Lakini kama mlijua," akauliza akipangusa macho, "mbona mlikuwa mnagombania mazulia, hamkuitetea sakafu?"

Kinyozi akajikuna kichwa. Walijua haoni, lakini kwamba anaonea kwa miguu hakuna aliyewahi kuwaza.

Aliyekuwa hajui lolote ni Mwenyekiti, maana salamu zake huziachia mlangoni akipita. Akapanda mteremko mpaka alipo Mama Tochi. Hakuitazama saa.

"Nionyeshe," akasema.

Wakafunga madirisha na milango. Tochi ilikuwa mfukoni mwa gauni la Mama Tochi kama kawaida yake. Hakuwahi kuiacha, kwa sababu mwanga ule tangu zamani ni wa mteja. Akaiwasha, akaielekeza chini, akaanza kurudi kinyumenyume mbele ya Mwenyekiti.

"Fupisha hatua, hapa tunashuka. Hapa pana ufa, nyanyua mguu. Kisigino cha kiatu chako cha kulia kimelika, nakisikia kinavyogonga, kipeleke kwa fundi viatu. Hapa ilikuwa safu ya wapenzi, pita bila kukohoa. Usikimbie, Mwenyekiti. Picha haijaanza."

Mwenyekiti akafika chini bila kujikwaa. Alikuwa, pengine kwa mara ya kwanza mtaani pale, ametembea kwa mwendo wa mtu mwingine. Madirisha yakafunguliwa, akamwita Fundi.

"Sakafu inabaki."

"Na kokoto zangu?"

"Tafuta pa kuziweka."

Fundi akanung'unika, kisha akapata: mbele kabisa, mteremko unapoishia, sakafu ilikuwa imelala kidogo, akapasawazisha vizuri, meza za sherehe zikahamia hapo. Cherehani zikapigiwa kabari za mbao. Uzi unaendelea kuteremka mpaka leo, na wanafunzi wa ushonaji wamezoea kumtuma wa mbele aurudishe.

Balkoni nayo ikachorwa. Mchoraji aliichora kubwa kama alivyoagizwa, na mapazia, na zulia lililo jekundu nusu na kijani nusu ili kusiwe na ugomvi. Watu wanasimama mbele yake wanaonyeshana walikokaa. Mama Tochi akipita hapo hufyonza. Wifi humwambia amshukuru Mungu yeye angalau haioni.

Kisha jumuiya ikaanza kuonyesha picha tena kwenye ukuta mweupe, mchana wa Jumamosi, madirisha yakiwa yamefunikwa. Siku ya kwanza palijaa, na aliyechelewa akaja akihema mlangoni, akanong'ona:

"Kinyozi hapa, shikamoo mama. Nipeleke balkoni."

Mama Tochi akavuta pumzi ndefu. Alikuwa na mengi ya kusema. Lakini picha ilikuwa karibu kuanza, na watu walikuwa wamenyamaza.

"Marahaba. Balkoni imejaa," akasema. "Pita huku."

Akamwaga mwanga miguuni pake, akaanza kushuka kinyumenyume.